Bei Moja kwa Wote Si Haki kwa Wote



Wiki hii naomba tutafakari pamoja jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana dogo na la kitoto: bei za michezo ya kompyuta inayouzwa kwa njia ya intaneti. Nafahamu kwamba baadhi ya wazazi watashangaa na kuuliza kama paroko amekosa la kusema. La hasha. Michezo hii imekwisha kuingia majumbani mwetu, katika kompyuta, katika simu na katika vibanda vya mitaani ambako vijana hulipia muda wa kucheza. Na ndani yake limejificha swali ambalo ni la kale kuliko kompyuta zote: bei ya haki ni ipi? Je, ni haki kwamba kitu kile kile, kilichotengenezwa na watu wale wale, kiuzwe kwa bei moja kwa tajiri na kwa bei nyingine kwa maskini? Au haki ni kwamba wote walipe sawasawa?

Nitatoa maoni yangu tangu mwanzo, ili msomaji ajue ninakoelekea. Naamini kwamba bei zinazotofautiana kwa kadiri ya uwezo wa watu wa kila nchi ni jambo jema, na tena ni jambo la haki. Kinachokosa haki ni namna tofauti hizo zinavyopangwa leo: pengine kwa uzembe, pengine kwa tamaa, na pengine kwa kuharibiwa na wenye nacho wanaojifanya kuwa hawana.

Kwanza tuelewe jinsi soko hili linavyofanya kazi. Zamani mchezo wa kompyuta uliuzwa ndani ya kisanduku chenye diski. Kisanduku kilisafirishwa, kililipiwa ushuru, kilikaa rafuni, na mwenye duka alipata chake. Mwaka 2003 kampuni ya Marekani iitwayo Valve ilianzisha huduma ya mtandaoni iitwayo Steam, ambayo leo ndiyo soko kubwa kabisa la michezo ya kompyuta. Mnunuzi hapokei kisanduku chochote. Hulipa, kisha hupakua. Duka hilo huchukua kwa kawaida asilimia 30 ya mauzo, na tangu mwaka 2018 sehemu hiyo hushuka hadi asilimia 25 na hatimaye 20 kwa michezo iliyouzwa sana. Kinachobaki huwaendea wachapishaji na watengenezaji.

Bei hupangwa na mchapishaji mwenyewe, lakini duka humpa mapendekezo: kama mchezo unauzwa dola kadhaa Marekani, basi India uuzwe rupia kadhaa, Brazil reali kadhaa, na kadhalika. Mapendekezo hayo hayafuati kiwango cha kubadilishia fedha peke yake. Huangalia pia uwezo wa fedha hiyo kununua mahitaji katika nchi inayohusika. Kwa hiyo mchezo mmoja huwa na bei nyingi kwa wakati mmoja, na mnunuzi huiona ile tu iliyopangiwa nchi yake.

Si kila tofauti ya bei ni ya kutiliwa shaka. Ulaya, bei anayoiona mnunuzi imekwisha kujumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo ni asilimia 19 Ujerumani na asilimia 27 Hungaria, wakati Marekani kodi ya mauzo huongezwa mwishoni. Fedha nazo hupanda na kushuka kila siku. Tofauti za namna hiyo hazina hila ndani yake. Tunazozizungumzia hapa ni zile ambazo muuzaji amezichagua kwa hiari yake.

Sasa tutazame tofauti iliyopo kati ya mchezo wa kompyuta na nyanya za sokoni. Mama anayeuza nyanya ana mafungu kumi. Akimwachia mtu fungu moja kwa bei ya kutupa, fungu hilo limekwenda, halirudi. Nyuma yake kuna gharama za shamba, za gari na za ushuru wa soko, na akiuza chini ya gharama hizo watoto wake watalala na njaa. Mchezo wa kompyuta hauko hivyo. Gharama yake karibu yote hutangulia: ni miaka ya kazi ya waandishi wa programu, wachoraji, wanamuziki na wasimulizi, na michezo mikubwa hugharimu mamilioni mengi ya dola. Lakini ukishakamilika, nakala ya milioni moja haigharimu karibu chochote. Kijana wa Lima au wa Hanoi akiununua kwa nusu ya bei ya Marekani, hakuna nakala iliyopungua ghalani. Mtengenezaji amepata nusu ambayo vinginevyo asingeipata kabisa, na kijana amepata alichokitamani kwa njia halali.

Mtakatifu Thomas wa Akwino aliwahi kulijadili swali lililo karibu sana na hili, katika sehemu ya Summa yake inayohusu udanganyifu katika kununua na kuuza. Aliuliza kama ni halali mtu kuuza kitu kwa bei inayozidi thamani yake. Alieleza hivi: kama muuzaji anapata hasara ya kweli kwa kuachana na kitu chake, ana haki ya kuihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini kama muuzaji hapotezi chochote, na ni mnunuzi tu mwenye shida kubwa na kitu hicho, basi muuzaji hana ruhusa ya kupandisha bei kwa sababu ya shida ile, kwa kuwa shida hiyo si mali yake. Ni hali ya mnunuzi. Hawezi kuuza kisicho chake. Mtakatifu Thomas hakuwahi kuona kompyuta, lakini kanuni hii inatupa taa. Bei isiyotokana na gharama ya muuzaji wala na hasara yake, bali na kujua tu kwamba mnunuzi hana pengine pa kwenda, ni bei inayopaswa kujieleza.

Msomaji aweza kuuliza: je, kumpunguzia maskini si kumwonea tajiri? Tutazame mambo tuliyoyazoea. Katika mbuga zetu za Serengeti na Mikumi, raia huingia kwa shilingi, kwa kiasi ambacho ni sehemu ndogo tu ya dola anazolipa mgeni atokaye mbali. Hatujawahi kusikia mtu mwenye busara akisema kwamba mgeni huyo ameonewa. Katika daladala, mwanafunzi hulipa nauli pungufu, na taifa zima limekubali kwamba ni haki. Lakini tunajua pia kinachotokea kituoni asubuhi. Kondakta humwona mwanafunzi, huhesabu nauli, humfungia mlango. Kosa la kondakta linaeleweka ingawa halikubaliki, kwa maana kiti ni kimoja, na mtoto akikikalia mtu mzima hatakikalia. Katika duka la mtandaoni viti havina mwisho. Anayemfungia maskini mlango huko hana hata kisingizio cha kondakta.

Tukumbuke pia jambo zito kuliko michezo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka katika nchi tajiri, na kwa bei hiyo Afrika iliendelea kuzika. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingetoa mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Ushindani huo, pamoja na kelele za watu wenye dhamiri, ulizilazimisha kampuni kubwa kukubali kwamba dawa ile ile yaweza kuwa na bei tofauti katika nchi tofauti. Katika parokia zetu wapo watu walio hai leo kwa sababu hiyo. Silinganishi mchezo na dawa. Ninasema tu kwamba kanuni ya bei kufuata uwezo wa mtu imekwisha kupimwa katika jambo la kufa na kupona, na ikaonekana kuwa njema.

Basi ni nani anayeiharibu kanuni hii? Nataja makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wanunuzi wenye uwezo wanaojifanya maskini. Kwa miaka mingi bei za Argentina na Uturuki zilikuwa miongoni mwa bei za chini kabisa duniani, kwa sababu peso na lira zilikuwa zikiporomoka. Wachezaji wa Marekani na Ulaya Magharibi waligundua kwamba kwa kutumia VPN, yaani programu za kuficha mahali mtu alipo, waliweza kujiandikisha kana kwamba wanaishi Buenos Aires au Istanbul, na kununua kwa bei iliyokusudiwa watu wa huko. Wengine walifanya biashara kabisa ya kuuza nakala hizo. Duka la Steam lilijibu kwa kudai njia ya malipo ya nchi inayohusika, na mwaka 2021 likaweka sharti kwamba mtu hawezi kubadili nchi yake zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu.

Hata hivyo mambo hayakuishia hapo. Oktoba 2022 bei zinazopendekezwa kwa nchi hizo mbili zilipandishwa mara kadhaa. Tarehe 20 Novemba 2023 peso na lira ziliondolewa kabisa, na Waargentina na Waturuki wakaanza kulipa kwa dola ya Marekani. Sababu iliyotolewa na kampuni ni kwamba kuyumba kwa fedha hizo kuliwafanya watengenezaji washindwe kupanga bei inayodumu. Sababu hiyo ni ya kweli. Mwaka huo mfumuko wa bei wa Argentina ulizidi asilimia 200. Lakini yeyote aliyefuatilia mambo hayo anajua kwamba mchapishaji anayeona bei yake ya huruma ikiliwa na matajiri hana hamu ya kuitetea. Bei za baadhi ya michezo ziliruka mara nyingi kwa siku moja, na aliyeumia hakuwa yule wa London mwenye VPN. Huyo alirudi kwenye bei yake ya kawaida akalalamika kidogo. Aliyeumia ni kijana wa Córdoba au wa Ankara, ambaye mshahara wake ulikuwa bado katika fedha inayoyeyuka.

Hili naomba vijana wetu walielewe vizuri, hasa wale walioko Ulaya na Marekani wanaosoma ukurasa huu. Ukila chakula kilichowekwa kwa ajili ya mgonjwa, usiseme hukumwibia mtu kwa sababu ulikilipia. Ulilipa bei ya mgonjwa ukiwa mzima. Mpishi akichoka ataacha kupika, na mgonjwa atalala na njaa kwa ajili yako.

Kundi la pili ni la wauzaji wasiojali, na hapa tunafika nyumbani. Katika duka hilo kubwa nililolitaja, fedha ya Afrika inayotumika ni moja tu, nayo ni randi ya Afrika Kusini. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mkongo huoneshwa bei kwa dola, tena bei ile ile ya Marekani. Mchezo mkubwa mpya wa dola 70 ni takribani shilingi 9,000 za Kenya, au zaidi ya shilingi 160,000 za Tanzania. Kwa kibarua wa New York hayo ni mapato ya saa chache. Kwa vijana wetu wengi ni mapato ya siku nyingi.

Lakini ajabu yenyewe ni hii. Mabadiliko ya Novemba 2023 yaliunda kanda mbili mpya zenye bei pungufu kwa dola: moja ya Amerika ya Kilatini, nyingine ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Katika kanda hiyo ya pili zimo Uturuki, Misri, Morocco na Yemen, na zimo pia Oman na Bahrain. Hivyo, pale mchapishaji anapofuata mapendekezo, ndugu yetu anayeishi Muscat hulipa pungufu, na binamu yake wa Unguja hulipa bei kamili ya Marekani, ingawa kila mtu anajua ni nani kati yao anayetuma fedha kwa mwenzake. Sidhani kwamba mtu fulani alikaa mezani akakusudia kuwaonea watu wa Afrika Mashariki. Naamini kwamba hakuna aliyetukumbuka. Na kusahauliwa nako ni namna ya kuonewa. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wala isisemwe kwamba haiwezekani. Duka la programu za simu la Google huonesha bei kwa shilingi za Kenya na za Tanzania. Kampuni ya filamu ya Netflix mwaka 2023 ilishusha bei katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, na haikufanya hivyo kwa kutoa sadaka, bali kwa sababu ilitaka wateja. Kwa hiyo huruma na faida si maadui daima. Muuzaji akiona wateja elfu kumi wanaoweza kulipa theluthi, mbele ya mia mbili wanaoweza kulipa yote, hesabu yenyewe humfundisha maadili.

Kuna uzembe ulio mbaya kuliko wa bei, nao ni ule wa kufunga mlango kabisa. Mtandao wa PlayStation wa kampuni ya Sony hautambui Kenya wala Tanzania miongoni mwa nchi zake. Kusini mwa Sahara umeipokea Afrika Kusini. Mwezi Mei 2024 kampuni hiyo ilitangaza kwamba wachezaji wa mchezo wa Helldivers 2, waliokwisha kuulipia kwa miezi kadhaa kupitia Steam, wangepaswa kujiandikisha katika mtandao huo. Mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zipatazo 177 ambako mtandao huo haupo. Wachezaji wa dunia nzima, pamoja na wengi ambao wao wenyewe hawakuguswa na zuio hilo, waliungana kulalamika, na baada ya siku chache Sony ikalifuta sharti lake. Nilipendezwa na jambo hilo, kwa sababu kijana wa nchi tajiri alisimama kumtetea mwenzake asiyemjua.

Hata hivyo mlango haujafunguliwa. Kijana wa Nairobi au wa Mwanza anayemiliki mashine ya PlayStation, aliyoinunua kihalali na pengine kuilipia ushuru bandarini, akitaka kujiandikisha hulazimika kusema kwamba anaishi Johannesburg, London au Chicago. Vijana kadhaa wameniuliza kama kufanya hivyo ni kosa. Jibu langu lina pande mbili. Uongo ni uongo, na mazoea ya kusema uongo mdogo huandaa njia ya uongo mkubwa. Anayejizoeza kuandika anwani ya kubuni leo ataandika risiti ya kubuni kesho. Lakini haki inatutaka tuseme pia kwamba mzigo mkubwa zaidi uko kwa yule aliyemuuzia mtu nyumba isiyo na mlango, kisha akamlaumu kwa kupita dirishani. Na yule anayedanganya ili apate huduma aliyonyimwa hayuko sawa na yule anayedanganya ili ale punguzo la maskini. Wa kwanza anatafuta kuingia, wa pili anachukua nafasi ya mwingine.

Kundi la tatu ni la watunga sheria, ambao mara nyingi wana nia njema. Mwaka 2013 kamati ya Bunge la Australia ilichunguza kwa nini Waaustralia walilipa bei kubwa kwa programu, muziki na michezo. Iliziita kampuni kubwa kujieleza, na taarifa yake ikasema kwamba mara nyingi wananchi walilipa kati ya asilimia 50 na 100 zaidi kwa bidhaa zile zile. Hapo walionyonywa hawakuwa maskini. Walikuwa watu ambao wauzaji walijua kuwa wanaweza kulipa. Tarehe 20 Januari 2021 Kamisheni ya Ulaya iliitoza kampuni ya Valve na wachapishaji watano faini ya jumla ya yuro milioni 7.8, kwa sababu walizuia michezo ipatayo 100, iliyonunuliwa katika nchi kama Poland, Ucheki na Latvia, isifanye kazi katika nchi nyingine za Ulaya. Valve ilikata rufaa, na mwaka 2023 mahakama ikaitupilia mbali.

Naelewa shabaha ya sheria hiyo: soko la Ulaya ni moja, na mipaka iliyoondolewa kwa nyanya isirudishwe kwa michezo. Lakini tuwe waangalifu. Muuzaji aliyekatazwa kuweka uzio kati ya bei ya Warsaw na bei ya Berlin ana njia mbili: kuwapa wote bei ya Warsaw, au kuwapa wote bei ya Berlin. Kwa miaka kadhaa sasa wachezaji wa Poland wamelalamika kwamba michezo mingi kwao ni ghali kuliko kwa Wajerumani, ambao mishahara yao ni mikubwa zaidi. Usawa wa maandishi waweza kumwacha mnyonge pabaya kuliko alipokuwa.

Liko swali lingine lililo chini ya haya yote: mnunuzi anamiliki nini? Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand, ambaye jamaa zake walimnunulia vitabu vya masomo kwao kwa bei nafuu, naye akaviuza Marekani. Mahakama ilisema kwamba kitabu kilichochapishwa na kununuliwa kihalali ni mali ya mnunuzi, anaweza kukiuza tena. Kitabu ni kitu, kina mwenyewe. Mchezo uliopakuliwa sivyo. Nchini Ufaransa mahakama ya Paris ilisema mwaka 2019 kwamba wachezaji wana haki ya kuuza tena michezo waliyoinunua mtandaoni, lakini uamuzi huo ulitenguliwa katika rufaa mwaka 2022, na mwaka 2024 mahakama ya juu ikakubaliana na rufaa hiyo. Tangu mwaka 2025 sheria ya jimbo la California inayataka maduka ya mtandaoni yamwambie mteja waziwazi kwamba anachonunua ni leseni tu. Maana yake kwetu ni hii: tajiri anayelipa dola 70 na maskini anayelipa dola 70 wote wamekodi. Na kodi, tofauti na mali, hairithiwi, haikopeshwi kwa jirani, wala haiuzwi mtu anapohitaji ada ya shule.

Wapo waliojaribu kutenda vema. Duka la GOG la Poland lilikuwa na utaratibu wa kumrudishia mteja, kutoka mfukoni mwa duka lenyewe, tofauti pale mchapishaji alipompangia bei kubwa kuliko ya Marekani. Kwa wastani lilirudisha takribani asilimia 12 ya bei ya mchezo. Utaratibu huo ulikoma tarehe 31 Machi 2019, kwa kuwa duka lilihitaji kuwapa watengenezaji sehemu kubwa zaidi ya mapato. Silaumu. Naona tu kwamba haki ikitegemea wema wa duka moja haidumu. Inahitaji kukubaliwa na soko zima.

Najua kwamba bado yuko msomaji anayesema: Padre, hii ni anasa, asiye na fedha asicheze. Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba pumziko na furaha halali si mali ya matajiri peke yao, na michezo hii leo ni sehemu ya utamaduni ambamo vijana hukutana, hujifunza lugha na hujifunza kazi. Wapo vijana wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaotaka kuitengeneza wao wenyewe, na hakuna mwandishi aliyekuwa mwandishi bila kusoma. Jibu la pili ni zito zaidi. Njia inayotumika kupanga bei za michezo ndiyo hiyo hiyo itakayopanga bei za vitabu vya shule, za programu za ofisi na za masomo ya chuo kwa mtandao. Tukizoea kusahauliwa katika mambo madogo, tutasahauliwa katika makubwa.

Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, alifundisha kwamba makubaliano kati ya tajiri na mfanyakazi hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Mwaka 1967 Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio, aliipanua kanuni hiyo hadi kwenye biashara kati ya mataifa: pande mbili zisipolingana kabisa kwa nguvu, ridhaa peke yake haiihakikishi haki. Kijana anayebofya neno la kukubali mbele ya bei ya New York amekubali, ndiyo. Lakini amekubali kama anavyokubali mtu aliyeambiwa achukue au aache.

Basi tufanye nini? Wazazi, ulizeni watoto wenu wanalipa nini, wanamlipa nani na kwa kadi ya nani; mazungumzo hayo ni bora kuliko kufoka. Vijana, msinunue nakala za bei ya kutupa kwa wauzaji wasiojulikana, wala msile punguzo la nchi isiyo yenu. Subirini misimu ya punguzo, ambayo huja mara kadhaa kwa mwaka na hushusha bei kwa haki kwa kila mtu. Waandikieni wachapishaji, hasa wale wadogo, kwa adabu na kwa jina lenu la kweli, mkiwaeleza kwamba mpo na mko tayari kulipa kwa kadiri ya uwezo wenu. Tukio la Mei 2024 limetuonesha kwamba sauti za wengi husikika. Na wale wenye madaraka ya biashara katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, watambue kwamba nchi moja moja ni soko dogo mbele ya kampuni hizi, lakini kwa pamoja ni mamia ya mamilioni ya watu. Wakidai kanda ya bei ya Afrika Mashariki, itakuwa vigumu kuwapuuza.

Kwa wauzaji nasema neno moja. Bei ni namna ya kumwambia mtu kwamba umemwona. Anayepanga bei akiwa na ramani ya dunia mezani, na akaacha sehemu yetu tupu, ametuambia jambo, hata kama hakufungua kinywa.

Nawatakia nyote juma jema.

Paroko wenu.